Mume Toronto, mke Tanga: Ndoa inapogeuka ushahidi dhidi ya wanandoa

*Sheria ya Kanada inakubali kwamba mtu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu na bado akaruhusiwa kwenda kutembea. Kwa nini basi kuwa na mume au mke huko kuwe sababu ya kunyimwa viza?*

Barua mbili zinaweza kuingia katika simu moja ndani ya miezi michache. Ya kwanza inampa mke aliyeko Tanga namba ya faili lake la ukaazi wa kudumu: mumewe, mkaazi wa Toronto, amejaza fomu za kumdhamini, ada imelipwa na idara ya uhamiaji ya Kanada imelipokea ombi. Fomu hizo ziliwauliza walikutana wapi, nani alihudhuria harusi na wameonana mara ngapi tangu hapo, kisha zikataka picha, tiketi za ndege na risiti za kutumiana pesa. Barua ya pili ni jibu la ombi la viza ya matembezi, ili akakae na mumewe wiki sita wakati faili likiendelea kushughulikiwa. Afisa anaeleza kuwa hakuridhika kwamba mwombaji ataondoka Kanada muda wake ukiisha, na miongoni mwa sababu alizoziorodhesha ni uhusiano wa kifamilia alionao mwombaji huko Kanada.

Idara ni ileile. Kwenye dirisha la kwanza ndoa ni jambo la kuthibitishwa kwa kila karatasi iliyopo. Kwenye dirisha la pili ndoa hiyohiyo inamhukumu mwenyewe. Sibishi kwamba Kanada ina haki ya kuchagua nani aingie. Ninachokipinga ni namna ushahidi unavyosomwa. Mtu mwenye faili la ukaazi linaloshughulikiwa ana sababu kubwa ya kufuata masharti ya viza kuliko mgeni mwingine yeyote, kwa kuwa akiyavunja anahatarisha kitu alichokwisha kukilipia na kukisubiri. Afisa anayelihesabu faili hilo kuwa dalili ya udanganyifu ameushika ushahidi kichwa chini.

Nia mbili ndani ya mtu mmoja

Tuanze na sheria. Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada ilipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Juni 2002. Kifungu cha 3 kinataja kuunganisha familia ndani ya Kanada kuwa mojawapo ya malengo yake. Kifungu cha 22, fasili ya pili, ndicho kiini cha mjadala huu: nia ya mtu kutaka ukaazi wa kudumu haimzuii kuingia kama mgeni wa muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka mwisho wa kipindi alichoruhusiwa kukaa. Maafisa na mawakili huita hali hiyo nia mbili. Kwa lugha nyepesi, mke anaruhusiwa kutaka kuhamia Toronto mwakani na papo hapo kutaka kwenda kutembea mwezi ujao, na hakuna kosa katika kuyataka yote mawili.

Sharti la kuondoka linarudi tena katika kanuni ya 179 iliyo chini ya sheria hiyo, inayomtaka mwombaji wa viza ya matembezi athibitishe kwamba ataondoka. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Afisa huangalia kazi, mali, watoto waliobaki nyumbani, akiba benki, safari za nyuma na sababu ya safari hii. Swali lenyewe ni la haki: faili la ukaazi likikataliwa, mtu huyu atarudi kwao? Tatizo huanza pale swali hilo linapoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na jingine: je, mtu huyu anatamani kuishi na mumewe? Jibu la swali la pili ni ndiyo kwa kila mwenye ndoa ya kweli. Likifanywa kipimo, wenye ndoa imara ndio watakaoanguka.

> Swali la haki ni: faili likikataliwa, atarudi? Likigeuzwa kuwa: anatamani kuishi na mumewe?, hakuna mwenye ndoa ya kweli atakayefaulu.

Ukubwa wa jambo unaonekana katika muda na fedha. Desemba 2016 serikali ya Kanada iliahidi kuamua maombi mengi ya wenza ndani ya miezi 12. Katika mkoa wa Quebec, wenye mamlaka yake juu ya sehemu ya mchakato, foleni imekuwa ndefu zaidi, na Juni 2024 mkoa huo uliweka ukomo wa maombi 13,000 ya familia kwa miaka miwili. Ada za kumdhamini mwenza zilipandishwa Aprili 2024 hadi dola 1,205 za Kanada, bila kuhesabu dola 85 za alama za vidole na picha. Viza ya matembezi ni dola 100 nyingine, zisizorudi ombi likikataliwa. Wa Tanga anaongeza nauli ya kwenda kituo cha Dar es Salaam kutoa alama za vidole, na tafsiri iliyothibitishwa ya kila hati iliyo kwa Kiswahili. Faraja pekee ni kwamba alama hizo hudumu miaka 10, hivyo akiomba tena viza ya matembezi hatazilipia mara ya pili.

Mtego wa pasipoti tupu

Kinachofanya kukataliwa huku kuwe kuzito kuliko ada ni athari yake kwenye faili kubwa. Kanuni ya 4 inamruhusu afisa kuikataa ndoa akiona si ya kweli au ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji. Ili kulipima hilo, huangalia wanandoa wametembeleana mara ngapi, wamekaa pamoja kwa muda gani na wanajuana kiasi gani. Kwa hiyo mke anayenyimwa viza ya kumtembelea mumewe ananyimwa pia ushahidi atakaodaiwa baadaye. Mhuri ambao ungegongwa kwenye pasipoti yake katika uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, ungekuwa hati bora kuliko picha 20 za harusi. Anaukosa kwa sababu ya ndoa, kisha ataulizwa kwa nini ndoa haina mihuri.

Kwa jamii za pwani yetu kuna fundo la ziada. Tangu tarehe 11 Juni 2015 Kanada haiitambui, kwa madhumuni ya udhamini, ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo kimwili kwenye hafla, isipokuwa kwa baadhi ya wanajeshi wake walio kazini. Bwana harusi aliyeko Toronto akimteua wakili kumkubalia nikahi msikitini Tanga au Mombasa, ndoa hiyo inaweza kuwa halali mbele ya sheikh na mbele ya majirani, lakini haitabeba ombi la udhamini. Lazima yeye apande ndege aje, au bibi harusi aende. Ndege ya bibi harusi inahitaji viza. Sheria inayodai miili miwili ndani ya chumba kimoja ingepaswa kuwa ya kwanza kuurahisishia mwili mmoja kusafiri.

Hapo husikika ushauri unaoonekana wa busara: kama mke hawezi kwenda, mume si aje akae naye? Raia wa Kanada anaweza. Anaruhusiwa kudhamini akiwa nje ya nchi mradi athibitishe kwamba watarudi kuishi Kanada mwenza wake atakapopata ukaazi. Lakini wahamiaji wengi wa Kiafrika huanza udhamini wakiwa bado wakaazi wa kudumu, hawajawa raia, na mkaazi wa kudumu hawezi kudhamini bila kuwa mkaazi ndani ya Kanada. Likizo ya wiki mbili au tatu haina tatizo. Kuhamia Tanga kusubiri faili kunaweza kuliangusha faili lenyewe. Mume amefungwa kwa kanuni abaki huko, mke amefungwa kwa afisa abaki huku.

Upande wa afisa

Ingekuwa dhuluma kumchora afisa kama adui. Anashughulikia maombi mengi kwa muda mfupi, na wapo watu waliotumia viza ya matembezi kama kamba ya kuvukia ukuta. Wapo pia waliofunga ndoa za karatasi. Hoja za upande huu ni tatu, na kila moja inastahili jibu lake.

Ya kwanza: mwenza akishaingia hataondoka, atabaki na mumewe. Jibu limo ndani ya sheria za Kanada zenyewe. Mgeni hupewa kwa kawaida miezi sita. Kabla haijaisha anaweza kuomba kuongezewa muda, na akiomba kwa wakati hadhi yake inaendelea hadi apate jibu. Anaweza hata kuomba ukaazi akiwa ndani ya Kanada kupitia kundi maalumu la wenza wanaoishi na wadhamini wao, na Mei 2023 serikali iliwapanulia wenza walioomba ukaazi wakiwa ndani ya nchi fursa ya kibali cha kufanya kazi. Hizo zote ni njia halali. Ikiwa kinachohofiwa ni kwamba mke atazifuata, basi kinachohofiwa ni utii wa sheria. Kinachoweza kuhofiwa kwa haki ni kukaa bila kibali baada ya milango yote kufungwa, na hatari hiyo ipimwe kwa rekodi ya mtu na wala si kwa cheti chake cha ndoa.

Ya pili: ni kuruka foleni. Hoja hii ina uzito kwa sababu wapo waliosubiri kwa utulivu bila kwenda popote. Lakini viza ya matembezi haimpi mtu ukaazi, wala haimpi mgeni ruhusa ya kuajiriwa au bima ya afya ya mkoa. Faili la udhamini linabaki palepale, na uchunguzi wa afya, wa usalama na wa ukweli wa ndoa unafanyika vilevile. Anayekwenda Toronto kula Idi na mumewe kisha akarudi hajampiku mtu. Na akiwa huko akaamua kuomba kwa njia ya ndani, anaanza faili jipya lenye masharti na subira yake.

Ya tatu: ndoa ya uongo. Hii ni hatari halisi, na Kanada imejiwekea nyumba ya kuipimia, yaani faili la udhamini, lenye dodoso la kurasa nyingi na mahojiano pale penye shaka. Afisa wa viza ya matembezi, mwenye fomu fupi na dakika chache, hana vifaa vya kuamua kama ndoa ni ya kweli. Akiona dalili za ulaghai aziandike na kuzieleza. Kuziacha zielee bila kutamkwa ni kumhukumu mtu kwa shtaka ambalo hakulisikia.

> Viza ya matembezi haimpi mtu ukaazi. Faili la udhamini linabaki palepale, na uchunguzi wake unabaki vilevile.

Sentensi za kunakili

Hapa ndipo shaka juu ya usomaji wa ushahidi inapopata mashiko. Tangu mwaka 2018 idara hiyo imekuwa ikitumia programu iitwayo Chinook, inayochota taarifa za waombaji kutoka mfumo mkuu na kuzipanga katika majedwali, na yenye sehemu ya kumsaidia afisa kutunga maelezo ya kukataa. Habari zake zilijulikana kwa umma kupitia kesi katika Mahakama ya Shirikisho. Idara imesisitiza kwamba programu haiamui na kwamba uamuzi ni wa binadamu. Tukubali hivyo. Bado sentensi iliyotungwa tayari ina hatari yake: humwezesha mtu kufikia hitimisho kabla ya kufikiri, na mke wa Tanga akasomewa maneno yaleyale aliyosomewa mwanafunzi wa Accra.

Mwaka 2021 utafiti wa kampuni ya Pollara, ulioagizwa na idara yenyewe, uliripoti wafanyakazi wakieleza kwamba baadhi ya nchi za Afrika huitwa maofisini "thelathini chafu". Kamati ya Bunge ya Uraia na Uhamiaji nayo ilitoa ripoti nzima kuhusu tofauti za matokeo katika maamuzi ya idara hiyo. Hayo hayathibitishi kwamba afisa fulani alimbagua mwombaji fulani. Yanaonyesha tu kwa nini "sikuridhika" haitoshi kuwa sababu.

Mahakama ya Juu ya Kanada ililisema jambo hilo kwa mapana katika kesi ya Vavilov, Desemba 2019: uamuzi wa mtumishi wa umma hauna budi kuwa na mantiki inayofuatika, ukizingatia ushahidi uliokuwa mezani na uzito wa athari kwa anayehusika. Mwombaji aliyeko nje ya Kanada ana siku 60 za kuomba ruhusa ya Mahakama ya Shirikisho ili uamuzi dhidi yake upitiwe upya. Mahakama haimpi viza. Ikimkubalia hulirudisha ombi kwa afisa mwingine. Hiyo ni njia ndefu na ya gharama kwa safari ya wiki sita, ndiyo maana wengi hulipa dola 100 nyingine na kujaribu tena.

Na bado Kanada ni miongoni mwa walio nafuu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1952, kifungu 214(b), inamhesabu karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa mhamiaji hadi athibitishe vinginevyo, na haina fasili ya nia mbili kwa wageni wa matembezi. Mwaka 2000 Bunge la nchi hiyo liliona wenza wakiteseka foleni, likaunda viza ya K-3 ili wasubirie ndani ya Marekani. Leo viza hiyo imebaki karibu jina tu, kwa kuwa hupita kwenye ofisi zilezile zilizosongwa, na ombi la msingi likishakubaliwa hufungwa. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Muñoz, ikasema raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya mwenza wake mgeni kuruhusiwa kuingia nchini. Somo la K-3 ni kwamba kuongeza jina la viza bila kubadili namna ushahidi unavyosomwa ni kujenga mlango juu ya ukuta uleule.

Walichokifanya kwa wazazi

Kanada inajua kufanya vizuri zaidi, kwa sababu imekwisha kufanya. Desemba 2011 ilianzisha viza maalumu ya wazazi na mabibi na mababu, ambao foleni yao ya ukaazi ilikuwa imefurika. Viza hiyo hudumu hadi miaka 10, na tangu Julai 2022 mzazi anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa kila safari. Masharti ni bayana: mtoto awe na kipato cha kiwango fulani, mzazi awe na bima ya afya na apimwe afya. Viza hiyo haikumfanya mama mwenye mwana Kanada kuwa mshukiwa kwa sababu ya kuwa na mwana. Uhusiano wa damu ulikubaliwa kuwa sababu ya safari.

Mei 2023 waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Sean Fraser, alikwenda hatua moja kuelekea huko kwa wenza. Alitangaza utaratibu mahususi wa viza za matembezi za wenza wenye faili, kwa lengo la kuamua mengi ndani ya siku 30, akasema waliokwisha kupitia utaratibu huo walikubaliwa kwa zaidi ya asilimia 90. Tangazo hilo ni ushahidi mzito kwa hoja hii. Sheria haikubadilishwa hata nukta. Kilichobadilika ni jicho la msomaji. Ila utaratibu wa kiutawala ni zawadi ya waziri, na waziri anayefuata anaweza kuukunja kimyakimya. Kinachohitajika ni kuuweka katika kanuni, kwa masharti bayana kama yale ya wazazi, na kumtaka afisa anayemkataa mwenza mwenye faili aandike sentensi moja ya ziada: kwa nini faili hilo halikutosha kumhakikishia kwamba mtu huyu atafuata masharti.

Hadi hapo, mwombaji ana silaha moja kuu, nayo ni ukweli wote. Mficha uchi hazai. Wapo wanaoshauriwa vijiweni wasilitaje faili la ukaazi, au waseme wanakwenda kwa binamu. Idara inayo faili hilo kwenye mfumo wake, na kifungu cha 40 cha sheria ileile ya Kanada kinamfungia mlango miaka mitano aliyedanganya au kuficha jambo la msingi, akizuiwa muda huohuo hata kuomba ukaazi wa kudumu. Aliyetaka kuokoa wiki sita hupoteza miaka mitano. Njia salama ni kuliweka faili mbele: nakala ya barua ya kupokelewa, uthibitisho wa mdhamini kukubaliwa kama umetoka, barua fupi inayokitaja kifungu cha 22 kwa namba, ruhusa ya mwajiri yenye tarehe ya kurudi kazini, na maelezo ya wazi ya atakachofanya faili likikataliwa. Akinyimwa, mumewe aliyeko Kanada anaweza kumwombea, kwa dola tano, maandishi ya ndani ya afisa, ili kujua alichokiandika hasa kabla ya kujaribu tena.

Tuseme yote yamefanyika na bado jibu ni hapana. Siku moja mke huyo ataitwa mahojiano ya ukaazi. Afisa mwingine ataifungua pasipoti yake, ataona kurasa safi, na kwa haki kabisa atamuuliza kwa nini katika muda wote huu hakwenda hata mara moja kumwona mumewe. Jibu lake la kweli litakuwa ile barua ya pili. Ataitoa kwenye mkoba na kuiweka mezani, mbele ya idara iliyoiandika.